Mfini Wangu Hafutwi kwa Kalamu Nyekundu

Nina miaka themanini na moja. Mwingereza alikuwepo akaondoka, mimi nipo. Vita ya Kagera imepita, nipo. Kambi za wakimbizi zilikuja hapa Ngara na mahema mengi kuliko nyumba zetu zote, zikafungwa, nipo. Mnyauko ulimaliza migomba aliyoniachia baba, nikang'oa, nikapanda mingine, nipo. Korona imepita. Mke wangu Veneranda ametangulia, watoto wangu watatu wametangulia, na daktari aliyeniambia nisipoacha chumvi nitakufa, naye ametangulia. Chumvi bado iko mezani.

Kwa hiyo nikisema nimeona kitu, nimekiona.

Leo ni Ijumaa. Mvua ilitunyeshea tangu alfajiri, ikakatika wakati watoto wako shuleni tayari, na sasa jua linawaka utadhani halikuhusika. Nimekaa nyuma ya nyumba, upande wa kahawa, ambako hakuna wa kuniuliza mbona nanuna. Nimenuna. Pia nimefurahi, lakini hilo nitalisema baadaye, na nitalisema kidogo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: alinifungulia mjukuu wangu aliyeko Mwanza. Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, wenzangu wakisinzia na mimi macho makavu. Anayeona maandishi yangu yamepinda aandike ya kwake yaliyonyooka.

Mambo yenyewe ni haya. Shule yetu ya sekondari, hapa Mugoma, imepata mwalimu wa kike, kijana, anaitwa Mwalimu Jasinta. Ametoka mbali. Ni mwerevu, siwezi kumnyima hilo. Zamani watoto walifundishwa nchi za dunia kwa kukariri: mji mkuu huu, mto huu, kaa chini. Yeye akaja na jambo lingine. Akawagawa watoto wa kidato cha pili katika makundi, akaandika majina ya nchi kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kofia, kila kundi likachota. Akawaambia: nendeni mkatafute watu wa nchi hiyo wanaishije. Wanakula nini, wanasalimianaje, wanaoaje, wanazikanaje. Ulizeni, someni, chunguzeni, halafu Ijumaa mje mtuonyeshe mbele ya wazazi.

Kundi moja likapata Japani. Lingine Brazili. Lingine Misri. Kundi la mjukuu wangu Odetha, la watoto watano, likapata Ufini.

Odetha alirudi nyumbani analia. Wenzake wamepata nchi zenye majina, yeye kapata nchi ambayo hata redioni haitajwi. Kompyuta ya shule ni moja, nayo inawaka siku ikipenda.

Nikamwambia, "Nyamaza. Wafini wote nawajua."

"Babu, wewe? Umewajulia wapi?"

"Hapa hapa."

Akanitazama kama anayetazama mgomba unaoota kichwa chini. Lakini kesho yake alinijia na kundi lake zima, watano, wamebeba kalamu. Mmoja wa kuuliza, mmoja wa kuandika, Nestori wa kuchora, mmoja wa kukumbusha yaliyosahaulika, na Odetha wa kuwagombeza wote. Mimi nimekaa kwenye kiti, kofia kichwani. Nawaambia nyie, hata baraza la kata halijawahi kunisikiliza vile.

Nikawaeleza.

Wakati wa kambi, dunia nzima ilipita Ngara. Watu wa nchi ambazo sikuzijua walikula ndizi za kwangu. Mimi niliandikwa kazi kwenye kikosi cha kuchimba visima vya maji. Niliyeshika mabomba ni mimi. Mtambo ulikuwa wa wazungu, lakini bila mikono yangu yale mabomba yangelala chini mpaka leo.

Mkubwa wetu alikuwa Mfini. Jina lake lilikuwa refu, ulimi wangu uligoma siku ile ile ya kwanza, tukamwita Bwana Kimya. Si kwa matusi. Alikuwa haongei. Unamsalimia asubuhi, anatikisa kichwa. Unamwambia bomba limekatika, anatikisa kichwa. Mnakaa naye kwenye kivuli mchana kutwa, hamna neno, na jioni anakushika mkono kama watu mliozungumza sana.

Basi huyu bwana, Jumamosi moja, akaanza kujenga kibanda pembeni mwa hema lake. Miti, turubai, na ndani pipa lililokatwa nusu. Ndani ya pipa mawe. Akawasha moto mpaka mawe yakawa mekundu, akavua nguo, akaingia, akafunga. Tukasikia maji yanamwagwa, tshaaa. Mvuke ukatoka kwenye matundu yote. Akakaa humo mpaka tukaanza kuulizana. Akatoka mwekundu kama pilipili, na taulo, akajimwagia maji baridi. Jumamosi ya pili tena. Ya tatu tena.

Sasa wewe niambie. Kwetu mtu akijifungia na mvuke ana nini? Ni mgonjwa. Anajifukiza. Na mtu anayejifukiza kila wiki bila kupona, huyo ugonjwa wake ni mkubwa.

Tukamwonea huruma. Yuko mbali na kwao, hana mke, hana mama, na haongei. Ndipo marehemu Veneranda akakusanya wanawake wa kitongoji, wakachukua maziwa kwenye kibuyu, mkungu wa ndizi, na jogoo, wakaenda kumpa pole mgonjwa. Mimi nikatangulia kwa sababu ndiye niliyekuwa namjua. Tukamkuta ndiyo kwanza anatoka, moshi unamtoka mabegani. Wanawake wakapiga goti wakasema pole sana baba, Mungu atakusaidia. Wengine walikuwa wameshageuka wanakimbia, maana lile taulo lilikuwa dogo.

Bwana Kimya akapokea jogoo. Akamkumbatia kifuani, yule jogoo naye akatulia. Akatikisa kichwa. Nadhani hakuelewa kitu, lakini hakukataa kitu. Jumamosi iliyofuata akaniita kwa mkono: njoo, ingia.

Nikaingia. Katika kabila letu la Wahangaza, wa kwanza kuingia mle ni mimi, na abishe atakayebisha.

Watoto walicheka mpaka Nestori akaharibu mchoro. Nikawaeleza joto lilivyo, linavyouma masikioni. Nikawaeleza tulivyojipiga mgongoni na matawi ya mkaratusi, maana mti wao wa kwao huku haupo. Nikawaeleza kwamba mle ndani hakuna bosi na kibarua, wote mko kama mlivyozaliwa, na anayetaka kumwaga maji anamwaga.

Halafu nikawaeleza jambo la mwisho. Sikuwa nimepanga kulieleza.

Asubuhi moja dereva wetu aliniambia ujumbe umefika kwa redio ya upepo, mama yake Bwana Kimya amefariki. Kwetu msiba ukitangazwa watu wanajaa, wanalala kwako, hawakuachi peke yako hata kidogo. Yeye akafanya kazi mpaka jioni, bomba kwa bomba. Kisha akawasha mawe, ingawa haikuwa Jumamosi. Akaniita kwa mkono. Tukaingia. Akamwaga maji, mvuke ukapanda, na mle ndani ya mvuke yule mwanaume akalia. Alilia kwa sauti. Mtu ambaye sikuwahi kumsikia akikohoa.

Odetha akaniuliza, "Na wewe babu ulifanya nini?"

Nikamwambia nilikaa.

"Tu?"

"Na jasho lilinitoka. Andika jasho."

Mwaka ule nilikuwa nimemzika mwanangu Deogratias. Kwetu mwanaume halii mbele za watu, nami ndiye niliyekuwa nasimamia kaburi, nasimamia chakula, nasimamia mama yake. Sikutoa chozi. Mle ndani kwenye kibanda cha Mfini jasho lilinitoka sana. Ni jasho. Sitaki maswali kuhusu jasho langu.

Basi watoto wakaandika yote. Mwishoni wakaandika sentensi hii, nikaisoma mwenyewe: "Wafini wakifiwa huingia katika chumba cha mvuke kulia wafu wao." Nikasema imekaa vizuri, pelekeni.

Jumatano karatasi yao ikarudi. Kazi nzima imepigwa tiki, mpaka jogoo kapigwa tiki. Ile sentensi ya mwisho imekatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni mwalimu ameandika: si kweli, ondoeni, la sivyo kundi hili halitasimama Ijumaa.

Nilivaa kofia nikaenda.

"Shikamoo babu," akasema Mwalimu Jasinta, anasimama kwa heshima.

"Marahaba. Ndiye wewe unayenifutia Wafini wangu?"

"Karibu ukae kwanza, babu."

"Nitasimama. Magoti yangu ni mazima kuliko hicho kiti."

Kilikuwa na mguu uliofungwa kwa waya, kwa hiyo hakubisha. Akanionyesha simu yake, kubwa kama sahani. Akasema amesoma kurasa nyingi. Wafini wanaingia kwenye mvuke kila wiki, wanaoga, wanapumzika, wanakaa na familia zao, ni jambo la furaha. Hakuna mahali pameandikwa kwamba ni pa kulilia wafu.

Nikamuuliza, "Wewe umewahi kumwona Mfini?"

"Hapana, babu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Sasa?"

Akatabasamu. Huyu binti ana tabasamu la hatari. Akasema, "Na wewe babu, umewaona wangapi?"

Nikaangalia dirishani. Kuna watoto walikuwa wanafagia.

"Niliona wa kutosha," nikamwambia.

"Babu, mtu akikuona wewe siku moja, halafu akaenda kwao akaandika kwamba Wahangaza wote wanajisifu, utakubali?"

"Hawajisifu! Wana cha kujisifia."

Alicheka mpaka akashika meza. Lakini hakulegea, na mimi sikulegea. Akasema ndiyo maana amewapa watoto kazi hii, wajue watu wengine bila kuwasingizia. Sentensi itoke, au kundi likae chini. Nikamwambia haitoki. Nikaondoka bila kuaga vizuri, na njiani nikajilaumu kidogo kwa hilo la kuaga, si kwa jingine.

Nyumbani nikamwambia Odetha: usifute.

Nilidhani atafurahi kuwa na babu jasiri. Akanigeukia kama mama yake Deogratias alivyokuwa akinigeukia. "Babu, hizi ni maksi zetu, siyo zako. Tuko watano. Nestori amechora siku tatu. Tukikaa chini kwa sababu yako, wewe utatulipa nini?"

"Mtakuwa mmesema kweli."

"Kweli ipi, babu? Kwamba nchi nzima inalia kwenye mvuke?"

Nikamwambia ana mdomo. Akaniambia ameurithi. Hatukuzungumza tena mpaka leo, na ugali wa jana nilikula na kimya changu mwenyewe.

Hapa nikiri kitu, maana ukurasa ni wangu. Si maksi zilizokuwa zinaniuma. Ile habari sijawahi kumwambia mtu. Veneranda hakuijua. Padre hakuijua, maana haikuwa dhambi, ningeitaja ya nini. Nimeitoa mara moja katika maisha yangu, mbele ya watoto watano wenye kalamu, na katika kazi yote ile ndiyo iliyokatwa. Jogoo amebaki, taulo limebaki, kilichotoka ni kile.

Sikutaka kitoke.

Leo nikaenda shuleni mara ya pili bila kuitwa. Nikakaa mstari wa mbele, kwenye viti vya kamati. Mjumbe mmoja alinitazama, nikamtazama, akahamia nyuma.

Japani walianza. Wameinama, wametusujudia kama mara kumi hivi, wamekunja karatasi zikawa ndege, watu wakapiga makofi sana. Brazili wakaja na mpira. Hawakuwa na kitu kingine, mpira tu, mwalimu akawauliza Wabrazili wanakula nini, wakaangaliana. Misri walisoma kwa sauti ya kulala.

Ndipo likaitwa kundi la Ufini. Moyo wangu, ambao daktari marehemu aliusema vibaya, ulikuwa unadunda vizuri kabisa.

Waliingia na karai la mawe ya moto, wamelibeba kwa magunia mawili, wameyachoma jikoni kwa wapishi. Nestori akatundika mchoro wa kibanda. Odetha akaeleza, mwingine akamwaga maji, tshaaa, mvuke ukapanda mpaka miwani ya mkuu wa shule ikawa nyeupe. Watu wakashangilia. Habari ya jogoo ilipofika, wanawake wa nyuma walipiga vigelegele.

Kisha Odetha akafika mwisho wa karatasi. Nikamwona ananikwepa macho. Nikajua amefuta. Nikaanza kuvua kofia ili niondoke zangu.

Akasoma: "Mfini mmoja, aliyetuchimbia visima hapa Ngara, alipofiwa na mama yake aliingia katika chumba cha mvuke, akalia. Babu yetu alikuwa pamoja naye. Wafini wengine wanafanya hivyo au hawafanyi, sisi hatujui. Huyu alifanya."

Mwalimu Jasinta ana kalamu nyekundu mkononi. Akauliza, "Chanzo chenu ni kipi?"

Odetha akasema, "Chanzo chetu kimekaa mbele, kimevaa kofia."

Watu waliangua kicheko, na mimi kofia iko nusu kichwani nusu mkononi. Mwalimu akanigeukia. Hakucheka. "Babu, ni kweli?"

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Jumatano, yenye mambo ya simu na sahani. Yote ikapotea. Nikasema, "Ni kweli. Alilia. Na mimi nilikuwa nimemzika mwanangu."

Basi. Sikutaja jasho. Sijui kwa nini sikulitaja.

Hakuna aliyecheka. Wanawake wa nyuma wakaguna ule mguno wa msibani, ule wa chini. Miaka yote hii, na leo ndiyo pole ya Deogratias imenifikia. Mwalimu akainamisha kichwa, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilichungulia. Ilikuwa tiki.

Sasa kinachoninunisha. Nafasi ya kwanza wamepewa Japani. Sisi ya pili. Ya pili! Kwa ndege wa karatasi! Nilisimama kukata rufaa, Odetha akanivuta koti.

Na jingine. Njiani nilimwambia Odetha, umeniangusha. Nilikupa taifa zima, wewe ukasoma mtu mmoja.

"Kwani babu walikuwa wangapi?"

"Mmoja."

"Basi."

Akanishika mkono, tukatembea. Nilitafuta jibu kuanzia shuleni mpaka kwenye mteremko wa kwetu, sikulipata. Lakini hiyo haina maana kwamba hakuna jibu. Na sijakubali. Mwalimu alikosea kuifuta, Odetha alikosea kuipunguza, na mimi sijakosea popote, ila labda kwa hesabu.

Mtu mmoja nilimjua. Nitajieni na nyie mmoja mliyemjua hivyo, hata wa kitongoji chenu.

Kuna watakaosoma hapa na kusema mzee wa Mugoma anaota. Mashahidi ninao. Generoza wa Bukiriro yuko hai, amebaki na meno machache lakini akili zote anazo. Siku ile wenzake walipokimbia taulo, yeye alibaki amepiga goti, na atawaambia alichokiona hata msipomuuliza. Mwalimu Jasinta amenisikia leo na ameweka tiki, hawezi kuirudisha. Odetha na wenzake wanne wanayo karatasi.

Na shahidi mkubwa ni Bwana Kimya mwenyewe, kama yu hai huko kwao. Mwenye kufika Ufini amtafute, amuulize juu ya Mhangaza aliyeshika mabomba. Hatajibu haraka. Atakutazama tu, utadhani hajasikia.

Usiondoke. Kaa naye.